Dawa ya Magugu na Kinga ya Chaza: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Mkulima anaponunua dawa ya kuua magugu, aghalabu muuzaji humhakikishia kwamba dawa hiyo hutafuta jani tu, na kwamba kiumbe asiye na jani hana sababu ya kuiogopa. Kauli hiyo si ya uongo mtupu. Glaifoseti, iliyoingia sokoni mwaka 1974 na ambayo sasa ndiyo kiuagugu kinachotumika kwa wingi zaidi duniani, huzuia kazi ya kimeng'enya ambacho mmea hukitegemea katika kujitengenezea baadhi ya viini vya protini. Wanyama hawana kimeng'enya hicho, kwa kuwa viini hivyo huvipata katika chakula. Atrazini na diuroni nazo huingia ndani ya jani na kukata njia ya usanisinuru, hata mmea ukashindwa kuutumia mwanga wa jua na hatimaye kukauka.

Chaza hana jani wala mzizi. Hujishikiza mwambani au kwenye mikoko, akala kile anacholetewa na maji. Hata hivyo, chaza waliowekwa maabarani katika maji yenye viuagugu wamekutwa na kasoro mahali ambapo mtu asingefikiria kutazama, yaani katika seli zinazowalinda dhidi ya maradhi. Makala haya yanaeleza kasoro hiyo ni ipi, hutokeaje, na ina uzito gani kwa mtu aliyeketi na sahani ya chaza au kombe mbele yake.

Mnyama anayeishi kwa kuchuja

Neno samakigamba hujumuisha viumbe wengi, wakiwamo kamba na kaa. Hapa tunawazungumzia wale wenye magamba mawili yanayofunguka na kufunga mithili ya kasha: chaza, kome, kombe na jamaa zao. Takribani wote hula kwa namna moja. Huyavuta maji ndani ya mwili, huyapitisha katika mashavu yaliyo kama chekeche laini, hunasa vijimea na chembe za chakula, kisha huyatoa maji upande wa pili. Chaza mkubwa, maji yakiwa na joto na utulivu unaofaa, anaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa siku moja. Hiyo ni sawa na madumu matano ya lita ishirini kupitia ndani ya mnyama anayeenea kiganjani.

Samaki akihisi maji yamebadilika, anaweza kuondoka. Chaza hawezi. Njia pekee aliyo nayo ni kufunga magamba na kusubiri, nayo ni ya muda tu, kwani bila kufungua hawezi kula wala kuvuta hewa ipasavyo. Kwa hiyo lolote lililomo katika maji ya hori, iwe ni tope, vijidudu au dawa iliyosombwa kutoka shambani, hupita katika mashavu yake siku baada ya siku. Ndiyo maana nchi nyingi huwatumia chaza na kome kama kipimo cha usafi wa bahari. Kumpima kome mmoja ni kupima majuma kadhaa ya maji.

Ndani ya mwili wake hakuna mishipa iliyofungamana kama yetu. Moyo husukuma majimaji yanayoitwa hemolimfu, nayo hutoka katika mishipa na kuviogesha viungo moja kwa moja kabla ya kurejea. Kwa chaza majimaji hayo hayana rangi, ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba chaza hana damu. Aliyewahi kupasua kombe wa mchangani ameona jambo tofauti: majimaji yake ni mekundu, kwa kuwa jamii hiyo ina himoglobini kama sisi. Rangi iwe ipi, ndani ya majimaji hayo huelea seli ambazo ndizo kiini cha makala haya. Wataalamu huziita hemosaiti.

Askari wasio na kumbukumbu

Katika mafunzo ya afya tumezoea kuambiwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mfano huo unamfaa chaza kuliko unavyotufaa sisi, kwa sababu yeye karibu hana ulinzi mwingine. Mwanadamu akiugua surua akapona, mwili wake huhifadhi kumbukumbu ya kirusi kile na kutengeneza kingamwili za kukikabili kikirudi. Juu ya msingi huo ndipo chanjo zilipojengwa. Chaza hana kingamwili za namna hiyo. Kila kijidudu kinachomwingia lazima kikabiliwe na hemosaiti zilizopo wakati huo, kwa nguvu zilizo nazo wakati huo.

Namna seli hizi zinavyofanya kazi ilifahamika kwanza kwa msaada wa kiumbe mwingine wa baharini. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicilia, mtaalamu aliyeitwa Élie Metchnikoff alichoma vijimwiba vya waridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake huonyesha vilivyomo ndani kama kioo. Asubuhi yake alikuta seli zimeuzunguka mwiba kana kwamba zinataka kuumeza. Kutokana na jambo hilo alifikia hoja kwamba mwili hujilinda kwa seli zinazomeza maadui, na mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Hemosaiti ya chaza hufanya vivyo hivyo. Hukikaribia kijidudu, hukikumbatia kwa kujinyoosha, na hukivuta hadi ndani yake. Humo hukutana na vifuko vidogo vinavyoitwa laisosomu, ambavyo vimejaa vimeng'enya vya kumeng'enya nyama na utando wa kijidudu hicho. Wakati huohuo seli huzalisha kemikali kali za oksijeni zinazounguza kilichomezwa. Seli hizohizo pia husaidia kuziba majeraha, kutengeneza gamba lililovunjika na kusafirisha chakula mwilini. Chaza ambaye hemosaiti zake zimedhoofika ni sawa na nyumba ambayo mlinzi, fundi na mpishi wake ni mtu mmoja, na mtu huyo anaumwa.

Dawa ya jani inaidhuruje seli ya mnyama

Jibu la kwanza limo ndani ya dumu lenyewe. Kinachouzwa dukani si glaifoseti tupu. Jani lina nta juu yake, na maji matupu huteleza. Hivyo watengenezaji huongeza viambato vinavyofanana kitabia na sabuni, ili tone lisambae, ligande na kupenya. Utando wa nje wa seli ya mnyama umejengwa kwa mafuta, na kiambato kinachopenya nta ya jani hakioni vigumu kuulegeza utando huo. Katika majaribio mengi ya viumbe wa majini, kiambato kimoja cha aina hii kinachotokana na mafuta ya wanyama, kifupi chake POEA, kimeonekana kuwa na sumu kali kuliko glaifoseti yenyewe. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika dawa zote za glaifoseti, ingawa glaifoseti yenyewe iliendelea kuruhusiwa. Mlaji anayesoma lebo hana budi kukumbuka kwamba jina lililoandikwa kwa herufi kubwa linataja sehemu tu ya kile kilichomo.

Jibu la pili linahusu vile vifuko vya laisosomu. Sumu zinazoingia kwenye seli mara nyingi huishia humo, kwa kuwa ndiko seli inakohifadhi na kuvunja vitu visivyotakiwa. Vikizidiwa, ngozi yake huvuja, na vimeng'enya vilivyokusudiwa kwa adui humwagika ndani ya seli yenyewe. Kipimo cha jambo hili ni rahisi kiasi cha kupendeza. Mtaalamu huchota matone machache ya hemolimfu, huyatia rangi nyekundu ambayo laisosomu nzima huivuta na kuishikilia, kisha huangalia kwa hadubini na saa mkononi. Katika seli yenye afya, rangi hukaa ndani ya vifuko kwa muda mrefu. Katika seli iliyodhurika, huanza kuvuja mapema na kutapakaa.

La tatu ni zile kemikali kali za oksijeni. Seli huzizalisha kwa kipimo, tena mahali maalumu. Baadhi ya viuagugu huvuruga kipimo hicho, zikazalishwa pasipo adui, zikaunguza mafuta, protini na hata vinasaba vya seli. Kwa upande wa diuroni, watafiti wa Ufaransa waliwaweka chaza wazazi katika maji yenye kiasi cha diuroni kinachokutwa katika mazingira, na wakakuta madhara ya vinasaba yamefika hadi kwa watoto wao. Diuroni, kwa bahati mbaya, haitoki shambani peke yake. Imetumika pia katika rangi za kupaka chini ya vyombo vya baharini ili kuzuia mimea isiote.

Kilichobainika La Tremblade

Katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, mito Charente na Seudre inapoingia Atlantiki, lipo eneo la Marennes-Oléron, mojawapo ya maeneo makubwa ya ufugaji wa chaza barani Ulaya. Juu ya mito hiyo ni nchi ya kilimo, mahindi yakiwamo. Dawa hupulizwa majira ya kuchipua, mvua za majira hayo husomba sehemu ya dawa hizo hadi mtoni, na kipindi hichohicho ndicho chaza wanapoelekea katika uzazi, kazi inayowamaliza nguvu. Kituo cha La Tremblade, kilicho chini ya taasisi ya utafiti wa bahari ya nchi hiyo, Ifremer, kilikuwa na kila sababu ya kuuliza maswali.

Kwanza watafiti walipima vichafuzi 23, kimoja baada ya kingine, juu ya hemosaiti zilizotolewa mwilini na kuwekwa kwenye vyombo vya maabara. Vingi havikuleta badiliko kubwa. Laiti kazi ingeishia hapo, yamkini leo tungekuwa tunaandika makala ya kuwatuliza wasomaji.

Lakini baharini hakuna kichafuzi kinachofika peke yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, chaza wazima waliwekwa kwa siku saba katika maji yenye mchanganyiko wa viuatilifu vinane, vingi vikiwa viuagugu: atrazini, diuroni, glaifoseti na wenzao. Viwango havikuongezwa ili kupata matokeo ya kutisha. Vilifanana na vile vinavyoweza kukutwa katika mazingira. Baada ya juma hilo, chaza walikuwa hai na hemosaiti zao zilikuwa hai. Mtu angezihesabu tu, angesema hakuna kilichotokea. Zilipopewa kitu cha kumeza ndipo tofauti ilipoonekana: uwezo wake wa kumeza ulikuwa umeshuka.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoonyesha maana ya kushuka huko. Chaza hao, pamoja na wenzao waliokaa katika maji safi, walidungwa bakteria wa jamii ya Vibrio wanaowaletea chaza maradhi. Waliotoka kwenye dawa walikufa kwa wingi zaidi. Dawa haikuwaua, iliwaondolea tu uwezo wa kustahimili kitu ambacho wenzao waliweza kukistahimili vyema zaidi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye fundisho kubwa la suala zima, na ndipo palipo rahisi kusahaulika, kwa sababu vipimo vya kawaida vya usalama wa dawa huanza kwa kuuliza ni kiasi gani kinachoua mnyama mzima, mwenye lishe, aliye katika maji yasiyo na ugonjwa.

Nchini Italia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova wamefanya kazi inayofanana na hiyo kwa kome wa bahari ya Mediterania, wakiwaweka katika maji yenye glaifoseti kwa majuma matatu. Idadi na hali ya hemosaiti zilibadilika. Ni haki kueleza kwamba baadhi ya viwango vilivyotumika huko ni vikubwa kuliko vinavyokutwa kwa kawaida katika bahari ya wazi. Vinafanana zaidi na mfereji unaotoka shambani baada ya mvua.

Kadhalika si haki kuibebesha dawa ya magugu kila msiba. Tangu mwaka 2008 wafugaji wa Ufaransa walipoteza chaza wachanga kwa kiwango cha kutisha, na wapo waliokimbilia kuzilaumu kemikali za mashambani. Uchunguzi ulimkuta mhusika mkuu kuwa kirusi cha jamii ya hapesi kinachowashambulia chaza. Uchafuzi unaweza kumdhoofisha mnyama kabla kirusi hakijafika, lakini kirusi kina uwezo wake chenyewe, na mwenye kutafuta ukweli huvitaja vyote viwili. Kuhusu atrazini, Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2004, na sababu kuu haikuwa chaza bali maji ya ardhini ambayo watu huyanywa.

Habari hizi zinatuhusuje

Majina glaifoseti, atrazini na 2,4-D si mageni katika maduka ya pembejeo ya Afrika Mashariki. Palizi kwa jembe la mkono ni kazi ngumu inayowaangukia zaidi wanawake na watoto, na hakuna anayeweza kumlaumu mkulima wa mahindi au mpunga anayetafuta nafuu. Kwetu nako mvua na dawa huenda pamoja: magugu huota kwa kasi wakati wa masika, Machi hadi Mei, na ndipo mabomba ya kupulizia yanapobebwa mgongoni na mito inapojaa. Pangani, Wami, Ruvu na Rufiji hukusanya maji ya mabonde mapana ya kilimo kabla ya kufika baharini.

Tabia za dawa hizi hazifanani. Glaifoseti hung'ang'ania udongo, hivyo husafiri zaidi pamoja na tope la mmomonyoko kuliko ndani ya maji maangavu. Atrazini haishikwi sana na udongo. Huyeyuka, hukaa muda mrefu na hufuata maji. Zikifika baharini, wingi wa maji huzipunguza makali kwa kiasi kikubwa. Mahali pa kuangaliwa kwa makini si mwamba unaopigwa na mawimbi bali hori lililotulia, mdomo wa kijito, au tope la mikoko lililo jirani na shamba, ambapo maji hukawia.

Na hapo ndipo watu wanapookotea. Bamvua inapotoa maji mbali, wanawake wa pwani na visiwani hushuka na ndoo, visu na vyuma vya kuchokorea, wakarudi na chaza na kombe kabla maji hayajajaa. Kitoweo hicho hakihitaji mashua wala wavu, kina protini, madini ya chuma na zinki, na ziada yake ni daftari la mtoto au unga wa kesho. Chaza wakipungua horini, hatua ya kwanza ya hasara haiwi hospitalini. Huwa katika ndoo inayorudi nusu.

Je, chaza huyo analika?

Chaza aliyeokotwa mahali safi, akapikwa vizuri, ni chakula bora. Glaifoseti huyeyuka katika maji wala haijilundiki katika mafuta ya mwili kwa miaka kama ilivyo kwa DDT, na mnyama anayechuja maji machafu huanza kujisafisha anaporudi katika maji safi. Kwa hiyo sahani moja haipaswi kumtia mtu hofu ya kiuagugu. Hata hivyo, moto si dawa ya kemikali. Kuchemsha huua vijidudu, lakini kusitegemewe kuondoa dawa ya shambani iliyomo ndani ya nyama. Njia ya kuikwepa ni kuchagua mahali na wakati wa kuokota.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mlaji ni ile ya siku zote: vijidudu. Bakteria wa Vibrio waliotumika katika jaribio la La Tremblade ni maadui wa chaza, si wetu, lakini wanao ndugu wanaomshambulia binadamu. Virusi vya majitaka navyo hunaswa na chaza pamoja na chakula chake. Mwaka 1988, katika jiji la Shanghai nchini China, takribani watu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A kutokana na kombe waliopitishwa tu kwenye maji ya moto wakaliwa nusu wabichi. Kombe hao walikuwa wa jamii moja na kombe wekundu wanaookotwa katika michanga yetu.

Ndimu haipiki. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu chaza mbichi aliyekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili ana wapenzi wengi, na wengi wao huamini kwamba ukali wa ndimu umekwisha kufanya kazi ya moto. Ukali huo hubadilisha rangi na ladha ya nyama; virusi na bakteria wengi huupita salama. Wajawazito, wazee, watoto wadogo, na wenye maradhi ya ini au kinga hafifu wasile chaza mbichi kabisa.

Ununuapo, mwulize muuzaji wameokotwa wapi na lini. Muuzaji mzoefu hulijua jibu, na asiyelijua amekupa jibu la namna nyingine. Chaza au kome mzima hufunga magamba, au huyafunga akigongwa kidogo. Aliyeachama asiyejali kugongwa amekufa, mtupe. Ukiwapika na magamba yao, subiri yafunguke, kisha endelea kuchemsha kwa dakika 3 hadi 5. Yule ambaye hakufunguka mwishoni asibanduliwe kwa kisu ili aliwe. Ipo pia sumu ya vijimea vya bahari, ambavyo wakati mwingine huongezeka ghafla na kubadilisha rangi ya maji. Hiyo haiondoki kwa kupika kwa muda wowote ule, hivyo tangazo la kuzuia uokotaji likitolewa, hakuna upishi unaolitangua.

Kwa anayeokota mwenyewe, kanuni inayomfaa ni kuacha kuokota kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa katika mahori na midomo ya mito, hadi maji yatakate. Ikibidi, aende upande wa bahari ya wazi, mbali na mifereji ya mashamba na ya majitaka. Kanuni hii humkinga dhidi ya dawa na vijidudu kwa pamoja.

Mlaji mwenye bomba mgongoni

Wengi wa wasomaji wa kijitabu hiki hula chaza na pia hununua dawa ya magugu, kwa shamba, bustani au uwanja wa nyumba. Kwenye dumu tazama namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na utepe wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu. Dawa iliyopunguzwa katika chupa ya soda isiyo na lebo usiinunue, hata ikiwa ni ya nusu bei. Kipimo kilichoandikwa ndicho kinachotosha. Kuongeza kifuniko kimoja cha ziada hakuui gugu lililokwisha kufa, bali huongeza kile kitakachosombwa. Usipulize mawingu ya mvua yakiwa yametanda. Acha ukanda wa nyasi usiopulizwa kando ya kijito au mfereji, kwa maana nyasi hizo ndizo zinazokamata tope lenye dawa.

Bomba lisioshwe mtoni, kisimani wala ufukweni. Dumu lililokwisha lisuuzwe mara tatu, na maji ya kila suuza yamiminwe ndani ya bomba na kupulizwa shambani kama dawa nyingine. Kisha litobolewe kitako ili mtu asije akalitia maji ya kunywa au mafuta ya kula. Watoto wasitumwe kulisuuza.

Ikitokea ukakuta chaza au kombe wengi wameachama wamekufa katika hori moja, hasa siku chache baada ya mvua au baada ya mashamba ya jirani kupulizwa, mpe taarifa afisa uvuvi au ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Taja mahali, tarehe, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na kama samaki na kaa nao wamekufa. Sampuli ya maji huwa na maana ikichotwa mapema, kabla maji kujaa na kupwa hayajaibeba dawa. Usiwaokote wale waliobaki hai katika hori hilo, hata kama bado wanafunga magamba wanapogongwa.